Umenisema kwa Nani?

Alikuja siku ya Alhamisi, na siku yake ilikuwa Jumanne. Nilipomwona anaingia kwa mlango wa wagonjwa wa kawaida, mwavuli mkononi, viatu vimejaa tope jekundu la njia ya Myamba, nilidhani amepoteza dozi. Hutokea. Mtu anaficha vidonge kwenye debe la unga, panya wanatafuna boksi, au anavisahau kwenye mkoba wa kuazima. Nikamwomba mwenzangu aliyekuwa anapima presha anishikie meza, nikamfuata yule mama nje, nyuma ya jengo, tunapoanika mashuka.

Hakuniamkia. Kwa miaka yote niliyomfahamu hajawahi kusimama mbele yangu bila kusema shikamoo.

"Umenisema kwa nani?" akauliza.

Sikuelewa. Nikamwambia akae kwenye ngazi, apumue kwanza. Hakukaa.

"Nakuuliza, nesi. Umenisema kwa nani?"

Mimi ni nesi, na wakati huo nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nilikuwa nasimamia CTC, ndivyo sote tunavyoiita kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, katika kituo kimoja cha afya upande wa Gonja. Kituo chenyewe sikitaji, maana hakikufanya kosa. Funguo za kabati la mafaili nilikuwa nazo mimi. Rejista nilikuwa naandika mimi. Majina ya watu wale niliyajua kichwani kama ninavyojua majina ya wanangu, na nikikutana nao sokoni nilipita kama sijawahi kuwaona. Ndiyo kazi yenyewe. Dawa inaletwa na gari, ushauri upo kwenye kitabu, lakini kunyamaza unakutoa wewe mwenyewe, kila siku, na hakuna likizo ya kunyamaza.

Yule mama alikuwa mkulima wa tangawizi, umri wake unakaribia arobaini, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wao huko Myamba. Ili afike kwetu alipita vituo viwili vilivyo karibu zaidi na kwake. Kwenye cha kwanza alikuwa anafanya kazi wifi yake. Cha pili, alisema, hata mlinzi anajua jina la bibi yake. Kwa hiyo kila alipopangiwa Jumanne yake alipanda bodaboda, akateremka milima, na nyumbani aliaga kwamba anakwenda kuonana na mnunuzi wa tangawizi. Mume wake hakuwa anajua. Alipimwa akiwa mjamzito, akapata majibu, akameza dozi, mtoto akazaliwa mzima, na kila nilipomshauri aje na mume wake alinijibu neno moja: bado. Nilimsihi mwaka wa kwanza, nikamsihi wa pili. Baadaye nikachoka kusihi, nikawa nauliza tu kwa sababu fomu ina kisanduku cha swali hilo.

Pale kwenye mashuka akanipa simu yake nisome. Ilikuwa meseji, na niliisoma mara nyingi mno baadaye, kwa hiyo naikumbuka: "Habari mpendwa. Tunajua kutumia dozi kila siku si jambo rahisi. Tunayo dawa ya asili ya kuongeza kinga ya mwili. Tunakuletea mpaka ulipo. Usione aibu, siri yako ni siri yetu."

"Aliisoma yeye," akasema. "Simu ilikuwa mezani, nilikuwa naosha vyombo. Alidhani ni mnunuzi. Akaniuliza, dozi gani? Nikashindwa kujibu haraka. Nesi, ningejibu haraka ningesema ni matangazo tu, yanatumwa kwa kila mtu. Lakini nilisimama na sufuria mkononi, nikashindwa."

"Sijakusema kwa mtu," nikamwambia. "Mungu ananiona."

"Nani mwingine anajua? Wifi yangu hajui. Mama yangu hajui. Dereva wa bodaboda anajua ninapoteremkia, hajui ninapoingia. Wewe ndiye unajua. Na namba yangu unayo kwenye kitabu chako."

Nilianza kujitetea, na niliposikia sauti yangu mwenyewe nikaona inafanana na ya mtu mwenye hatia. Hakunipigia kelele. Alichukua simu yake, akafunga mwavuli ambao hata haukuwa na maji, akaondoka. Nikabaki nimeshika shuka la mtu.

Baada yake wakaja wengine. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mpole kabisa, aliniuliza kwa unyenyekevu kama kuna mtu mpya anayeshika rejista. Binti wa saluni alikuja kuchukua faili lake, akasema anahamia mjini. Wengine hawakuja kabisa, na hao ndio walionitisha, kwa sababu mtu wa CTC asipokuja huwezi kwenda kumgongea mlango bila kuwaonyesha majirani ulikotoka. Meseji zilikuwa zinafanana. Wengine walipigiwa simu.

Mganga mfawidhi, daktari kijana aliyekuwa mkuu wa kituo chetu, aliniita ofisini. Alikuwa ananiheshimu, na ndiyo sababu alipata shida kusema. Alizungusha kalamu kwanza.

"Mama, mimi nakuamini. Lakini malalamiko yamefika wilayani. Naomba uandike maelezo. Na kwa sasa, hadi jambo hili lieleweke, nakuomba ukae upande wa watoto."

Nikatoa funguo kwenye mfuko wa gauni, nikaziweka mezani. Zilikuwa zimeacha alama ya kutu kwenye kitambaa, na haitoki. Maelezo niliyaandika ukurasa mmoja. Nilitaka kuandika kumi, lakini nilipokaa na karatasi nikagundua mtu ambaye hakufanya kitu hana mengi ya kuandika.

Nikawa napima uzito watoto. Kazi ile ni nzuri, watoto wananing'inia kwenye mizani na kulia, akina mama wanacheka. Lakini wenzangu walikuwa wakinyamaza nikiingia chumba cha chai. Yule mwenzangu wa presha, tuliyekula makande bakuli moja miaka mingi, alianza kuja na chakula chake kwenye kopo dogo. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, labda nami ningeleta kopo.

Nyumbani nilimweleza mume wangu bila kutaja mtu. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kufikiri polepole. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Hukuwahi kusema, hata kwa bahati mbaya? Hata kwa mtu mmoja?"

Nilimtazama. Tumeishi pamoja tangu tulipokuwa vijana huko Vudee, na mtu huyu hajawahi kusikia kutoka kwangu jina hata moja la mgonjwa, mpaka kuna wakati alilalamika kwamba mke wake akirudi kazini hana stori.

"Hata wewe?" nikasema.

"Nauliza tu, mama watoto."

"Basi usiulize."

Tukala. Aliniomba radhi asubuhi yake, nikamwambia yamekwisha, na hayakuwa yamekwisha. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauigusi. Nilianza kujichunguza. Labda niliacha faili wazi. Labda niliita jina kwa sauti, mtu akasikia dirishani. Ukishakaa na swali la namna hiyo wiki kadhaa, unaanza kukumbuka makosa ambayo hukuyafanya.

Simu yangu iliita saa nne asubuhi, nikiwa na mtoto kwenye mizani. Namba ngeni. Nikaipokea kwa bega.

"Habari ya asubuhi, mama yangu mpendwa," ilikuwa sauti ya msichana, laini, ya mtu anayesoma mahali. "Poleni na safari ya dozi. Tunajua inachosha."

Nikamkabidhi mama wa mtoto mwanawe, nikatoka nje.

"Unasemaje?"

"Tuna dawa ya asili, mama, inasaidia sana kwa watu wenye hali kama yako."

"Hali gani?"

Akasita. "Hali ya... ya kuhudhuria kliniki, mama."

"Namba yangu umeipata wapi, mwanangu?"

"Ipo kwenye orodha."

"Orodha ya nini?"

"Ya watu wa kliniki, mama. Mimi napewa tu, napiga."

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi sina virusi. Mimi ndiye ninayegawa hizo dozi. Ni nesi."

Nilisikia nyuma yake sauti za wasichana wengine wengi, kila mmoja anamwita mtu mama yangu mpendwa.

"Samahani, mama," akasema kwa sauti yake halisi sasa, ya haraka. "Huku kwenye mfumo inaonyesha unafika hapo kliniki karibu kila siku. Ndiyo maana walikuweka kwenye kundi la wagonjwa sana. Samahani." Akakata.

Nilisimama pale uwanjani. Kundi la wagonjwa sana. Kama kuna mtu alitoa majina kutoka kwenye rejista yangu, mimi simo kwenye rejista. Jina langu lipo kwenye rejista kama mwandishi tu, kwa sahihi. Aliyenipeleka kwenye orodha ile hakusoma kitabu chochote. Alijua tu kwamba simu hii inafika hapa.

Nikaenda getini. Dereva wa bodaboda anayepaki pale kila siku, baba wa watoto watatu, alikuwa analala juu ya pikipiki yake. Nikamuuliza kama amewahi kupata meseji ya dawa za kuongeza kinga.

Akakaa wima. "Na wewe umepata?" Akatazama huku na huku. "Mama, mimi nilikwenda kupima kwa ajili ya ile meseji. Nilijua kuna mtu wa maabara amenisoma damu kimyakimya. Nimekonda wiki nzima. Kumbe mzima."

Mama anayefanya usafi kituoni naye alikuwa amepata. Alikuwa ameificha hata kwa mume wake.

Nilirudi kwa mganga mfawidhi, nikaketi bila kukaribishwa, nikamweleza. Alinisikiliza, akafungua simu yake, akapekua, akaipata na yeye. Ilikuwa imeingia kwenye meseji za matangazo ambazo huwa hazisomi. Akaisoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda Same."

Tulipita Kisiwani na gari la kituo, jua limeanza kukolea, milima ikiwa kushoto kwetu na mbuga kavu kulia. Kwenye ofisi za halmashauri tulipelekwa kwa afisa TEHAMA, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mjamzito, miguu ameiweka juu ya katoni kwa sababu ilikuwa imevimba. Kwa mazoea nikamwambia apunguze chumvi. Akacheka, akasema shikamoo, akaomba simu yangu.

Alipekua taratibu. Akaniuliza ninatumia nini kila siku. Nikamwambia: kupiga, kupokea, grupu la kwaya, tochi, na aplikesheni ya nyimbo.

"Nyimbo gani?"

"Za ibada. Kitabu chote kipo humo, na sauti zake. Nasikiliza nikiwa natembea."

Akaifungua, akaingia kwenye mipangilio, akanigeuzia kioo. "Soma hapa, mama."

Iliandikwa kwamba aplikesheni hiyo inaruhusiwa kujua mahali ilipo simu, wakati wote.

"Nyimbo zinataka kujua nilipo kwa nini?"

"Nyimbo hazitaki. Mwenye nazo ndiye anayetaka. Wewe unasikiliza bure. Yeye kila baada ya dakika kadhaa simu yako inamwambia ilipo, anakusanya, anauzia kampuni. Kampuni hiyo inauzia nyingine. Huyu wa dawa anakwenda huko mwisho, anasema nataka watu ambao simu zao zinafika kwenye kliniki za namna hii. Anapewa. Na si nyimbo tu, aplikesheni za namna hii zipo nyingi."

"Na namba zetu?"

"Mlijaza mlipojiandikisha."

Ili nielewe, akafungua ramani ya simu yenyewe, inayohifadhi mahali mtu alikopita. Aliniambia hiyo si ile iliyouzwa, lakini inafanana nayo. Nikaona maisha yangu. Nyumbani. Kituoni. Kanisani. Vudee kwa mama yangu, mara moja kila mwezi. Na nukta moja kando ya barabara, mahali hapana nyumba wala duka, kila Ijumaa, karibu saa nzima.

"Hapa pana nini?" akauliza, bila nia mbaya.

Pana jiwe. Ijumaa nikitoka kazini huwa nakaa juu ya jiwe hilo peke yangu kabla ya kufika nyumbani. Sifanyi kitu. Siombi, silii. Nakaa tu, ili nikifika nyumbani niwe mtu anayeweza kuulizwa chakula kiko wapi. Mume wangu anadhani Ijumaa tunachelewa kufunga hesabu za dawa. Hilo jiwe sikuwahi kumwambia mtu, na sasa lilikuwa juu ya meza ya halmashauri, mganga mfawidhi akiangalia pembeni kwa adabu.

"Napumzika," nikasema.

Nilimuuliza yule afisa kama jambo hili ni kosa. Akasema sheria ipo, na ipo ofisi Dodoma inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumiwa vibaya. Tungejaza fomu. Ila mwenye aplikesheni yenyewe hajulikani yuko nchi gani, na anuani aliyoweka haijibu.

"Lakini mlikubali, mama," akaongeza polepole. "Ndivyo watakavyosema. Mlibonyeza Ruhusu."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikaona mikono yangu mapajani kama ya mtu mwingine.

Jumanne watu wanasubiri muda mrefu. Benchi ni la mbao, wanakaa wamegeuziana migongo wasionane nyuso. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepata aplikesheni ile kwenye grupu la kwaya, nikaipenda, nikaona iwasaidie na wale wa benchi. Wenye simu zinazofaa nikawatumia. Wasiojua kuweka nikawawekea. Yule mama wa Myamba alifurahi sana, kwa kuwa ilikuwa na sauti ya pili peke yake na angeweza kujifunza akipalilia. Aliniletea simu mezani. Niliijaza mwenyewe: jina, namba. Ikauliza swali, nikabonyeza Ruhusu. Ikauliza tena, nikabonyeza Ruhusu. Sikusoma. Kulikuwa na foleni.

Barua ya kunisafisha ilikuja haraka kuliko nilivyotegemea. Ilisema hakuna ushahidi kwamba mtumishi alitoa taarifa za wagonjwa. Nikarudishiwa funguo. Mwenzangu wa presha aliacha kopo lake, akaja na bakuli kubwa, akaniwekea mbele, tukala. Kila mtu aliona kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Mimi nilikuwa na safari moja. Sikuweza kumpigia simu, maana sikujua nani angeipokea. Sikuweza kwenda kwake, kwa sababu nesi wa CTC akiingia nyumba ya mtu, uwanja mzima unajua. Nikangoja siku ya soko Myamba, nikaenda na kikapu kama mtu anayetafuta tangawizi. Nilimkuta amekaa nyuma ya magunia mawili, amefunga kitenge kichwani, anachambua mizizi iliyooza. Nikachuchumaa mbele yake, nikaanza kuchagua.

Aliniona. Hakusimama.

"Unataka nyingi?" akauliza.

"Kiasi." Nikashusha sauti. "Nimekuja kukuambia ilivyokuwa."

Nikamweleza, nikiokota tangawizi moja moja na kuirudisha. Msichana wa simu, orodha, bodaboda, ramani. Alisikiliza huku anaendelea kuchambua. Mteja mmoja akaja, akapima, akaondoka, nikaendelea nilipoishia.

"Kwa hiyo hukunisema," akasema nilipomaliza.

"Kwa mdomo, hapana. Lakini ile aplikesheni nilikuwekea mimi, kwa mkono wangu. Ilipouliza, mimi ndiye niliyekujibia."

Mkono wake ukasimama juu ya gunia. Nilitaka anitukane. Ningejua la kufanya na matusi.

"Ilikuwa na sauti ya pili nzuri," akasema.

"Baba yao yukoje?"

"Alikwenda kwa kaka yake Same, akakaa mwezi. Akapima huko. Yeye hana. Akarudi." Akachukua mzizi mwingine, akauvunja, akaunusa. "Anakula. Analima. Kanisani tunakwenda pamoja. Haongei na mimi ila kwa kitu cha lazima. Chumvi iko wapi, mbuzi amefungwa wapi. Miaka yote ile nilimwambia uongo kuhusu mnunuzi, nesi. Hilo ndilo lililomuuma. Ugonjwa aliuelewa."

"Ungeniruhusu niongee naye. Pengine..."

"Umeongea vya kutosha," akasema, bila ukali, kama anayemwonea huruma mtu mzima. "Siku moja ningemwambia mwenyewe. Nilikuwa naitafuta hiyo siku. Nilishaanza hata kuyapanga maneno. Wameichukua."

Aliniambia sasa anachukulia dozi Same mjini, safari ya siku nzima, na siku hiyo simu anaiacha jikoni, kwenye chungu. Akiugulia njiani hakuna atakayejua. Nikamwambia inatosha kuzima lokesheni, nikataka nimwonyeshe, nikanyoosha mkono kuomba simu. Akautazama mkono wangu. Nikaurudisha.

Alinipimia tangawizi, akakataa hela yangu, nikakataa kuchukua bure, tukashindana kwa sauti ya soko mpaka jirani yake akatucheka. Niliteremka na gari la jioni. Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kuhusu jiwe. Alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake. Akasema, "Mvua ikinyesha je?" Nikamwambia mvua ikinyesha nakuja moja kwa moja. Akaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo Ijumaa hakuniuliza tena kuhusu hesabu za dawa.

Kutoka Dodoma tulipata jibu kwamba malalamiko yamepokelewa na yana namba. Naihifadhi namba hiyo. Aplikesheni ile ilitoweka, ikaja nyingine yenye picha tofauti na nyimbo zilezile. Meseji za kuongeza kinga zimepungua. Sasa naletewa za magoti, na sijui zimeniona wapi nikipanda ngazi vibaya.

Kliniki niliandika tangazo kwa mkono, nikalibandika ukutani juu ya benchi: zima lokesheni kabla hujafika. Wengine wanazima. Wengine wanaacha simu nyumbani, na tukitaka kuwakumbusha tarehe hatuwapati. Wengine hawana nguvu ya kujifunza kitu kipya tena. Wagonjwa wapya nawaeleza yote, na naona macho yao yanachoka kabla sijafika kwenye dozi.

Lililobaki lilikuwa kwaya. Niliahirisha wiki tatu. Hatimaye, Jumamosi moja baada ya mazoezi, nikasimama nikaomba dakika mbili. Nikasema aplikesheni ya nyimbo tuliyotumiana kwenye grupu letu si nzuri, inauza mahali mtu anapokwenda, naomba kila mmoja aifute. Sikuweza kusema nimejuaje. Wakanitazama.

"Wajue tu," akasema mama mmoja wa sauti ya kwanza. "Mimi nakwenda shamba na kanisani. Sina cha kuficha." Watu wakacheka. Mwingine akasema bila hiyo hatutajua sauti za mwezi ujao. Mwalimu wa kwaya, anayependa kumaliza kwa wakati, akanishukuru, akasema tufunge kwa sala.

Nilikuwa nakusanya vitabu vya nyimbo, vile vya karatasi, vimechanika migongo, nilipohisi mtu amesimama karibu. Alikuwa mmoja wa wanaume wa sauti ya nne, mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye sijawahi kumwona kliniki kwetu. Alinipa simu yake ikiwa imefunguliwa, akasimama ananipa mgongo, akitazama madhabahu kana kwamba anahesabu mishumaa.

Nikaifuta ile aplikesheni. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima moja baada ya nyingine, safari hii nikisoma kila neno. Ilichukua muda. Nilipomrudishia alisema asante kwa Kichasu, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, akavaa kofia, akatoka. Sikumuuliza kitu. Nikamalizia kupanga vitabu, nikafunga dirisha, nikarudi nyumbani.